Dirisha la Tatu, Ofisi ya Msajili

Simu ya Alhamisi naijua kabla sijainyanyua.
Ni Verlyn Haugstad, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa,
maili tisini kaskazini mwetu, huko huko Minnesota.
Hupiga akiwa bandani. Nyuma yake mashine inakamua,
fyonza, achia, fyonza, achia.
Hukohoa kwanza, ndipo aseme:
"Ni mimi tena. Namuulizia Kelby."

Pembeni mwa kompyuta nimebandika karatasi,
maneno ya sheria, nimeyapaka njano mwenyewe:
akishaingia chuoni, rekodi ni zake.
Alama zake, mahudhurio yake,
deni lake, hata kama hundi ni ya baba.

"Naweza kukuambia ameandikishwa," nasema.
"Naweza kukuambia fani yake."
"Fani yake naijua," anasema, "mimi ndiye niliyemchagulia."

Mbele yangu kioo kimewaka, jina la mwanawe limekaa juu.
Kemia: amejitoa.
Lishe ya mifugo: amejitoa.
Takwimu: amejitoa, tarehe ya mwisho, saa ya mwisho.
Ufinyanzi: A.

Nikafunika kombe. Ndiyo kazi wanayonilipa.

"Ndama akikonda," anasema mzee,
"najua mimi kabla ya daktari.
Huyu nimemlipia dola elfu kumi na moja,
nauliza tu kama anakula,
unaniambia siri?"

"Sheria haisemi chochote juu ya kula," nikamjibu.
Jibu la kipumbavu. Nililijua likiwa bado mdomoni.
Akanyamaza. Fyonza, achia.
Kisha akaniaga kwa adabu, na adabu yake ndiyo iliyoniuma.

Kuna jambo sijamwambia, wala sitamwambia.
Binti yangu Junia anasoma Oregon
na kisanduku chenye jina langu amekiacha kitupu.
Mwezi wa kumi nilipiga simu kule,
nikajifanya mama asiyejua kanuni,
nikalia kidogo, nusu kwa hila.
Kijana aliyepokea alinisomea maneno yale yale,
taratibu, kama ninavyoyasoma mimi.
Nilitaka kumtukana. Nilitaka kumpandisha cheo.

Februari, Kelby akaja mwenyewe.
Mrefu, theluji inamyeyukia viatuni,
udongo mkavu umemganda kwenye kucha.
"Naomba ile fomu," akasema. "Ya wazazi."

Nikampa. Kalamu yetu imefungwa kwa uzi,
akawa anaandika ameinama kama anayekunywa kisimani.
Alama: akapita.
Fedha: akaweka tiki, akaifuta, karatasi ikachubuka.
Nidhamu, makazi: akapita.
Mahudhurio: akasimama hapo muda,
foleni nyuma yake inahamisha uzito mguu hadi mguu.
Akaweka tiki. Moja.

Yaani baba aruhusiwe kujua hili tu,
kwamba kuna chumba, na ndani yake mwanawe huwa anaingia.

"Huwa anapiga?" akaniuliza, bila kuinua macho.

Nikaitazama karatasi yangu ya njano.
Inamlinda mtoto asichunguliwe na baba.
Juu ya baba haina hata nukta.
"Kila Alhamisi," nikasema. "Saa kumi na dakika kumi.
Ng'ombe wakiwa wanakamuliwa."

Akaiweka kalamu chini. Uzi ukaivuta, ikaanguka,
ikabaki inaning'inia na kugonga meza.
Alikuwa ameshatoka.

Alhamisi iliyofuata niliiandaa sauti.
Nilikuwa na neno moja, halali, lenye sahihi na muhuri:
Anahudhuria, Bwana Haugstad. Hakosi.
Saa kumi na dakika kumi. Na ishirini.
Kumi na nusu nikamkatalia mwenzangu chai.

Simu haikulia.

Huenda wamepigiana wao kwa wao.
Huenda mashine imeharibika, au mzee amechoka kukohoa.
Sijui, na hakuna fomu ya kunipa haki ya kujua.
Nilizima kioo, nikavaa koti,
kisha nikakaa tena, na koti mwilini,
nikaitafuta namba ya Junia.